Kibarua Hapa, Ndege Kule: Barua ya Wazi kwa Gavana na Bunge la Kaunti ya Mombasa

Mheshimiwa Gavana, na nyinyi waheshimiwa mnaotuwakilisha katika Bunge la Kaunti,

Nawaandikia kutoka Likoni juu ya vijana wa upande huu wa kivuko, na wenzao wa Kisauni na Changamwe, wanaopanda ndege kwenda Saudia, Qatar, Dubai na Oman kutafuta maisha. Viongozi wetu hulitaja jambo hili kila wanaposimama kwenye jukwaa, na maelezo huwa ni kwamba vijana hawana kazi, kwa hivyo wanaondoka. Naomba nipingane na maelezo hayo kwa adabu, kwa sababu yametupeleka kwenye dawa zisizotibu.

Mimi ni mwalimu. Wengi wa vijana ninaowajua waliokwenda Uarabuni walikuwa na kazi siku walipopanga foleni ya pasipoti. Mmoja alikuwa utingo wa lori Changamwe. Mwingine alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo za kuuzwa ng'ambo. Mwingine alikuwa mhudumu wa hoteli Shanzu, anaitwa Desemba wageni wakifurika, anaambiwa apumzike Aprili mvua zikianza. Mwingine alikuwa msichana wa kazi Nyali. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekaa bure barazani. Walichokosa ni kazi inayoweza kumfikisha mtu mwisho wa mwaka bila kuiomba upya kila alfajiri langoni. Walichoka na kibarua. Na kibarua hakikushuka kutoka mbinguni; kuna watu wanaokipanga, na kuna sheria inayokikataza kufanywa namna kinavyofanywa.

Tazameni mahali tunapoishi. Changamwe ina Kipevu na gati zake, ina uwanja wa ndege wa kimataifa wa Moi pale Port Reitz, ina matangi ya mafuta na bohari za makasha. Kisauni ina kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kabla ya Uhuru, na hoteli zinazofuatana ufuoni hadi Shanzu. Likoni tumepewa Dongo Kundu, ekari zipatazo 3,000 zilizotengwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi. Mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Congo inapita mbele ya milango yetu. Ni sehemu chache za Afrika Mashariki ambazo mali nyingi kiasi hiki hupita karibu na watu wengi kiasi hiki. Hapo ndipo inaposhangaza kumwona kijana aliyezaliwa Chaani, ambaye usiku kucha husikia kreni za bandari, akiuza pikipiki ya marehemu baba yake ili amlipe wakala ampeleke kulinda lango la ghala Doha.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema wazi kwamba kibarua anayefanya kazi siku mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi mmoja au zaidi, au anayepewa kazi isiyoweza kumalizika ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Anapata haki zote zinazoambatana na mshahara huo: likizo, notisi kabla ya kuachishwa, michango ya uzeeni. Vijana wengi hawajawahi kuambiwa. Wanachokijua ni kwamba mwezi ukikaribia kutimia, msimamizi huwaambia wakae nyumbani siku mbili tatu, kisha warudi "waandikwe upya". Au wanaambiwa kwamba mwajiri wao si kampuni wanayoifanyia kazi, ni wakala wa wafanyakazi mwenye ofisi ya chumba kimoja, na wakala huyo hubadilisha jina la biashara kila baada ya muda. Nimeona vijana waliofanya kazi mahali pamoja tangu walipomaliza kidato cha nne mpaka wakaoa na kupata watoto, na bado wanaitwa vibarua. Benki haiwakopeshi. Mwenye nyumba anawataka walipe miezi mitatu mbele. Mtoto akiugua, siku ile ya kwenda hospitali ni siku isiyo na malipo.

Mji huu uliwahi kupigana vita hivi na kuvishinda kwa sehemu. Januari 13, 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waligoma. Waligoma makuli wa Kilindini na watu wa reli, na pamoja nao wahudumu wa hoteli na watumishi wa majumbani. Walikusanyika uwanjani Majengo, mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini, na kutokana na mgomo ule kikazaliwa chama cha African Workers Federation, kilichoongozwa na Chege Kibachia. Kibachia alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa uhamishoni Baringo. Lakini serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na mapenzi yoyote na makuli wetu, ililazimika kuunda baraza la usuluhishi na kuongeza mishahara, na katika miaka ya 1950 waajiri wa bandari wakaanza kuwasajili makuli na kuwapa kazi ya uhakika badala ya kuwaokota langoni kila asubuhi. Babu zetu walijenga nyumba za Likoni na Changamwe kwa kazi ile. Walisomesha watoto kwayo. Waheshimiwa, mkoloni alielewa kwamba bandari haiwezi kuendeshwa na watu wasiojua watakula nini kesho. Sisi tuliojitawala tumewarudisha wajukuu wa makuli wale pale pale langoni.

Yapo mambo yaliyotuumiza ambayo hayakutoka Mombasa, na ni haki yenu niyataje. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichofunguliwa mwaka 1963, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na tangu hapo kimekuwa mahali pa kuhifadhia tu. Utalii ulianguka baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, ukaanguka tena mwaka 2014 Uingereza ilipowaonya raia wake wasije na watalii wakarudishwa kwao kwa ndege, ukaanguka mara ya tatu kwa korona mwaka 2020. Kila anguko lilitoa wapishi na wahudumu waliofunzwa vizuri, na hoteli za Dubai na Doha zikawachukua. Kisha kuna reli. Treni ya mizigo ya SGR, reli mpya ya kutoka hapa hadi Nairobi, ilianza mwaka 2018, na Agosti 2019 ikatoka amri kwamba makasha yote yanayoingia yapandishwe reli hadi Nairobi yakatolewe huko. Mnakumbuka maandamano ya kila Jumatatu ya kuipinga. Mahakama Kuu iliibatilisha amri hiyo Novemba 2020, na Septemba 13, 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa.

Tulishangilia. Lakini katika miaka ile, wenye malori walikuwa wamepunguza magari na madereva, bohari za makasha zimepunguza watu, na barabara ya Magongo imepoteza vibanda vya chai, magaraji, wauza matairi na akina mama waliokuwa wakiwapikia madereva pilau ya mchana. Biashara ndogo ikifa hairudi kwa tangazo. Yule mama aliuza sufuria zake. Binti yake yuko Riyadh.

Sasa niseme juu ya Uarabuni kwenyewe, kwa sababu wapo wanaodhani sisi wa pwani tunalilia jambo geni. Safari si geni kwetu. Majahazi yalikwenda na kurudi kwa kaskazi na kusi kabla ya kuwepo pasipoti, na karibu kila familia ya kisiwani ina ndugu Maskati au Jeddah. Kizazi kilichotangulia kilizamia meli pale pale Kilindini, kijana akijificha kwenye shehena bila kujua bandari atakayofungulia macho. Hakuna aibu katika kusafiri, na kijana anayetaka kuuona ulimwengu aende salama. Ninachokiombea mabadiliko ni safari ya mtu asiye na chaguo jingine.

Tufanye hesabu anayoifanya binti wa Mtopanga. Saudia, kazi ya nyumbani humlipa mfanyakazi Mkenya riyali 900 hadi 1,000 kwa mwezi, yaani shilingi elfu thelathini na ushei, na chakula na malazi ni juu ya mwajiri. Hapa Mombasa, Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani kwa mujibu wa sheria kiliwekwa kuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, bila kuhesabu posho ya nyumba. Ulizeni ni nyumba ngapi Nyali, Bamburi na Tudor zinazolipa kiasi hicho. Binti anaweza kufua, kupika, kulea watoto wawili na kulala saa tano usiku kwa shilingi elfu sita au saba, tena anazipata kwa vipande. Kama sheria ile ingefuatwa, tofauti kati ya Nyali na Riyadh ingekuwa bado kubwa, lakini si kubwa kiasi cha kumfanya mtu aache mtoto anayenyonya. Ninaloliona mimi ni kwamba tumewafundisha mabinti zetu kwamba kazi ya nyumbani haina thamani, wakaenda kutafuta thamani yake mahali ambapo hawawezi kupiga hata kelele.

Maana huko wanakufa. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje ililieleza Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudia katika muda wa miaka miwili. Machi 2025 gazeti la New York Times likaripoti kwamba wafanyakazi Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walifariki nchini humo ndani ya miaka mitano. Karatasi zinazokuja na majeneza zimejaa maneno ya moyo kusimama na kifo cha kawaida, kwa watu wa umri wa miaka ishirini na kitu waliopimwa afya na kupasishwa kabla ya kupewa viza. Mageuzi ya sheria za kazi yaliyotangazwa Saudia mwaka 2021 yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, kwa hivyo shagala, kama anavyoitwa kule, bado alibaki chini ya kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini. Hapa Mombasa, mzazi ambaye simu ya binti yake imezimwa hukimbilia kwa shirika la haki za binadamu la Haki Africa au kwa jirani mwenye mtu anayefahamiana na mtu ubalozini. Ofisi za wadi hazimo katika orodha ya mahali anapoweza kwenda. Hilo pekee lingetosha kuandikiwa barua.

Kuwazuia wasiende hakutasaidia, tumeshalijaribu. Mwaka 2014 serikali kuu ilifuta leseni za mawakala na kuzuia wafanyakazi kupelekwa Mashariki ya Kati, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 2017. Katika kipindi chote hicho vijana waliendelea kwenda, wakipitia Uganda na Tanzania kwa viza za matembezi, bila mkataba uliosajiliwa popote. Marufuku iliwaondolea kinga ikawaachia safari.

Kwa upande mwingine kuna mpango wa serikali kuu wa Kazi Majuu, na mikutano ya kuwaandikisha vijana wapelekwe nje, na mkataba uliotiwa sahihi na Ujerumani mjini Berlin Septemba 2024. Naelewa kwa nini Nairobi inaupenda mpango huu. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9. Fedha hizo zinalipa karo na kodi ya nyumba hapa Likoni, na mimi mwenyewe naziona zikifika madukani kila mwisho wa mwezi. Lakini zinahesabiwa upande mmoja tu wa daftari. Hakuna anayeandika gharama ya bibi wa miaka sabini anayelea wajukuu wanne Vyemani. Hakuna anayeandika ndoa zilizovunjika kwa simu. Na serikali inayofurahia kusafirisha vijana wake haina haraka ya kutengeneza kazi nyumbani, maana kila anayeondoka ni kero moja iliyopungua na dola kidogo zilizoongezeka. Nawaomba nyinyi wa kaunti msiingie katika furaha hiyo. Nyinyi ndio mnaobaki na bibi.

Kuhusu Kisauni niseme kitu kimoja ambacho hakisemwi hadharani. Kule, akina mama wengi hawawasafirishi watoto wao wa kiume kwa ajili ya mshahara peke yake. Vijana wa mapanga wamewatesa wakazi wa Mtopanga, Bakarani, Mwandoni na Mshomoroni kwa miaka, na polisi wakija kuwatafuta humbeba kila kijana waliyemkuta kona. Mama anaogopa genge limchukue mwanawe, anaogopa unga wa kulevya umchukue, anaogopa gari la polisi limchukue. Anacheza mchezo wa kuchangiana pesa na wenzake, anapokea zamu yake, anakopa iliyobaki, anampa wakala. Ukimuuliza anakwambia afadhali awe mbali nijue yu hai. Mama huyu hana haja ya semina ya ujasiriamali. Anataka mtaa ambao kijana wa miaka kumi na tisa anaweza kurudi nyumbani saa mbili usiku akitoka kazini au chuoni.

Nije kwenye yale yaliyo mikononi mwenu.

Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti vyuo vya ufundi, biashara na leseni zake, uvuvi, utalii wa mahali, hata feri na bandari isipokuwa udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Vyuo vya ufundi ndivyo ninavyovijua vizuri zaidi, kwa hivyo nitakaa hapo. Katika vyuo vyetu vya upande huu kijana anafundishwa ushonaji, useremala, umeme wa nyumba na makanika, mara nyingi kwa injini za magari ambayo hayapo tena barabarani. Ni kazi za heshima. Lakini fikirieni makasha ya baridi. Parachichi za Kenya zinazosafirishwa kwa meli hutoka Kilindini zikiwa ndani ya makasha yenye mitambo ya kupoza hewa. Kila kasha la namna hiyo lazima likaguliwe kabla ya kupakiwa: kompresa, gesi, waya, milango, joto lililowekwa. Likiharibika njiani mzigo wote umeoza. Kazi hiyo inahitaji fundi wa majokofu aliyefunzwa vizuri, na haihitaji digrii. Hivyo hivyo fundi wa haidroliki wa kreni na foklifti, mchomeleaji mwenye cheti cha kuchomelea bomba, fundi wa injini za boti. Vyeti vya Kenya vya ubaharia vinatambuliwa na Shirika la Kimataifa la Bahari tangu mwaka 2010, na Chuo cha Bandari kiko hapa hapa mjini. Kijana wa Mtongwe anaiona meli kutoka kitandani kwake, lakini kati ya chuo chake cha ufundi na chuo kile hakuna ngazi ya kupandia.

Jengeni ngazi hiyo. Kaeni na Mamlaka ya Bandari, na wenye bohari za makasha, na Bamburi, na wenye hoteli, muwaulize ni mafundi wa aina gani wanaowatafuta na kuwakosa. Nunueni kasha moja bovu la baridi mliweke chuoni. Lipeni karo kwa wanaofaulu mtihani wa kwanza. Kisha chapisheni kila mwaka, chuo kwa chuo, wangapi walihitimu na wangapi wanafanya kazi waliyosomea. Wazazi wakiona orodha hiyo watajua pa kupeleka pesa waliyokuwa wampe wakala.

Dongo Kundu ni jambo la haraka zaidi, kwa sababu mikataba bado inaandikwa. Chini ya Sheria ya Maeneo Maalumu ya Kiuchumi ya mwaka 2015, mwekezaji atakayeingia pale anatozwa kodi ya mapato ya kampuni ya asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza, na asilimia 15 kwa kumi inayofuata. Ni nafuu kubwa sana, na sisi tulioishi juu ya ardhi ile na kuvua katika hori zake ndio tunaochangia nafuu hiyo. Tunachoomba kama malipo ni kitu cha maandishi: kwamba kazi zisizohitaji utaalamu wa nje zitatangazwa kwanza Likoni na kaunti nzima, kwamba wafanyakazi wataajiriwa na kampuni yenyewe bila kupitishwa kwa mawakala wa vibarua, na kwamba kifungu cha 37 kitafuatwa. Mnaweza kusema eneo lile liko chini ya serikali kuu. Ni kweli. Lakini barabara za ndani, maji, leseni na sauti ya kisiasa ni zenu, na hakuna mwekezaji anayejenga kiwanda mahali ambapo kaunti imekasirika.

Kabla hamjawafuata waajiri wengine, fungueni madaftari yenu wenyewe. Hesabuni watu wanaofagia barabara, wanaobeba taka hadi Mwakirunge, wanaolinda majengo ya kaunti, na mtuambie ni wangapi wako kwa kibarua au mkataba wa miezi mitatu unaorudiwa rudiwa. Waingizeni kazini kama sheria inavyotaka. Mkifanya hivyo mtakuwa na uso wa kumwita mwenye bohari Changamwe mkamuuliza kuhusu watu wake.

Jambo jingine la madaftari ni madeni. Tangu mwaka 2013 asilimia 30 ya zabuni za serikali zinatakiwa kutengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kijana aliyeamini maneno hayo aliandikisha kampuni, akashinda zabuni ya kupaka rangi zahanati au kuleta madawati, akakopa kwa riba, akafanya kazi, akaanza kusubiri. Wapo waliosubiri mpaka gavana mmoja akaondoka na mwingine akaingia. Huyo naye utamkuta uwanja wa ndege. Lipeni wadogo kwanza. Kampuni kubwa ina benki ya kuitegemea inaposubiri. Kijana wa Magogoni ana mkopo wa simu unaopanda kila siku.

Na ardhi. Shamba la Waitiki hapa Likoni, ekari 930, lilikaliwa na maelfu ya watu kwa miaka mingi bila hati, mpaka Januari 2016 hati zilipoanza kutolewa. Katika sehemu nyingine nyingi za Likoni na Kisauni bado watu wamejenga juu ya shamba la mtu wasiyewahi kumwona. Fundi aliyejenga karakana yake kwenye ardhi hiyo hawezi kuweka rehani chochote, na hawezi kununua mashine nzito kwa sababu hajui kama tingatinga halitakuja. Najua ardhi ni suala la Tume ya Taifa ya Ardhi pia, na ni zito. Nalitaja kwa sababu mipango ya kuwawezesha vijana huandikwa kana kwamba kijana ana mahali pake pa kusimama.

Kwa wanaoondoka hata hivyo, kuna hatua ambazo hazihitaji bajeti kubwa. Mamlaka ya Taifa ya Ajira husajili mawakala wanaoruhusiwa. Bandikeni orodha hiyo katika kila ofisi ya wadi, ibadilishwe kila mwezi, ipelekwe misikitini na makanisani isomwe. Wekeni afisa mmoja Likoni, mmoja Kisauni na mmoja Changamwe, ambaye mzazi anaweza kumwachia nakala ya mkataba wa mwanawe, jina la kafili na namba ya simu kabla ya safari. Siku simu itakapozimwa, kuwe na mahali pa kuanzia. Na wanaorudi muwatafute. Wapo wanawake hapa waliolea wazee na wagonjwa miaka mingi, wanaojua Kiarabu kuliko wengi wetu, wanaojua kuendesha nyumba ya watu kumi na tano. Wapo wanaume waliosimamia hoteli nzima. Wanarudi wananyamaza, wengine kwa aibu ya kurudi mikono mitupu, na baada ya mwaka wanatafuta tena wakala. Hawa ndio wangekuwa walimu katika vyuo ninavyovitaja.

Waheshimiwa, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya Aprili 30, na wananchi wana haki ya kutoa maoni yao kabla hayajapitishwa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari mlizo nazo. Kwa haki hizo mbili tunaomba majibu ya maandishi kwa mambo manne: idadi ya vibarua wanaofanyia kazi kaunti na muda waliokaa; kiasi cha madeni yanayodaiwa na kampuni za vijana na tarehe ya kuyalipa; mafunzo yanayotolewa katika kila chuo cha ufundi cha kaunti na idadi ya wahitimu wake waliopata kazi; na yale ambayo kaunti imekubaliana na serikali kuu kuhusu ajira za Dongo Kundu. Tunaomba majibu hayo yasomwe katika mabaraza ya wazi Mtongwe, Mtopanga na Chaani, siku ya Jumapili baada ya saa kumi jioni, ili walio kazini kwa kibarua nao waweze kufika.

Wenu kwa heshima,
Mwalimu, Likoni